Njia ya Kwenda Ukutani

Ofisini walimwita Rula, na jina lenyewe halikumuudhi hata kidogo. Alikuwa msanifu wa bustani za manispaa, mtu wa kamba na vigingi, na kama kuna kitu kilichomchafua roho ni njia iliyopinda bila ruhusa yake. Mkewe alikuwa na mzaha wake, kwamba bwana huyu hata usingizini hulala amenyooka, na ukimsogeza kidogo anarudi kwenye mstari. Kwa miaka mingi hakuwa na mshindani. Bustani ikitajwa, ametajwa yeye. Kisha akaja Shemeji.

Na aliyemleta, msinicheke, ni yeye mwenyewe. Mdogo wake alioa msichana aliyekuwa ametoka chuoni, amesomea mambo haya haya ya bustani, na hana kazi. Mama yao akamwita Rula pembeni. "Mwanangu, wewe si mkubwa pale ofisini? Mshike mkono mke wa mdogo wako." Rula akamshika mkono. Alimwombea nafasi, akamtafutia meza karibu na dirisha, akamwonyesha hata wapi chai hupatikana bila foleni. Angejua, angemwonyesha mlango.

Sasa kabla sijafika mbali, kuna jambo moja lililomkaa Rula rohoni, na bila jambo hilo mtamwona mtu wa ovyo tu, kumbe alikuwa mtu wa ovyo mwenye sababu. Bustani yake kubwa ya kwanza ilikuwa ile ya mbele ya jengo la manispaa. Njia zilizonyooka zikikutana katikati kwenye bwawa lenye maji ya kuruka, ua wa michongoma uliokatwa ukawa sawa na ukuta, na vibao vya USIKANYAGE NYASI kila kona. Siku ya kufunguliwa alimpeleka mama yake na nguo mpya. Wakubwa walipiga makofi. Mama akatazama huku, akatazama kule, akauliza, "Na mtu anakaa wapi?"

Mabenchi yalikuwapo, ya zege, yamepangwa juani kwa ustadi mkubwa. Mama akakaa. Muda si muda akainuka akijipapasa, akasema, "Pazuri, mwanangu. Twende nyumbani." Hakurudi tena. Akiulizwa, magoti, akiulizwa tena, jua. Rula akaanza kungoja. Alitaka siku moja, moja tu, mama yake akae mahali alipopatengeneza yeye, aseme hapa pazuri, halafu asiinuke.

Basi Shemeji naye hakuwa na miezi mingi kazini alipopewa kajiwanja kando ya zahanati, mahali pa kutupia magurudumu mabovu. Hakufanya la ajabu. Aliondoa magurudumu, akaacha miti miwili iliyokuwepo, akaweka mabenchi ya mbao chini yake yakitazamana. Mchoro wake Rula aliuona, akacheka kimoyomoyo, maana hata mtoto angeuchora. Siku ya kwanza tu kajiwanja kufunguliwa, mama alitoka kwa daktari, akaona kivuli, akakaa. Ilibidi afuatwe jioni. Alikutwa amepata mashoga wapya, na yuko katikati ya hadithi ya marehemu mumewe.

"Mkwe wangu ana akili," alisema mezani usiku ule. "Kaweka mabenchi yanatazamana. Mtu unakaa unaona uso wa mwenzio, siyo kisogo."

"Ni mabenchi tu, mama," Rula akasema.

"Ndiyo. Na mengine nayo ni mabenchi tu."

Rula akaisukuma sahani. Mkewe alimsogezea maji akijitia hamnazo, lakini midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa kicheko. Tangu siku hiyo Rula alishikwa na kijicho cha waziwazi, cha kuamka nacho na kulala nacho. Shemeji akicheka na watunza bustani, Rula aliona anajipendekeza. Shemeji akinyamaza, aliona anaringa. Hata kalamu zake alizozichomeka kwenye nywele zilimkera, kwa nini mtu achomeke kalamu kichwani wakati kikombe cha kalamu kipo.

Ndipo likaja suala la uwanja wa tanuri.

Zamani palikuwa pakichomwa matofali hapo. Tanuri lilibomolewa, likabaki eneo kubwa tupu, upande mmoja soko, upande wa pili kituo cha mabasi, wa tatu shule, na upande wa nyuma ukuta mrefu wa mawe wa mali ya mtu, wenye kilima cha vifusi vya tanuri mbele yake. Manispaa ikaamua pawe bustani ya umma, kubwa kuliko zote. Kila msanifu aliyesikia alimeza mate. Mkurugenzi wa idara, mzee mwenye tumbo la heshima ambaye alikuwa hapendi mikutano mirefu, akawaita Rula na Shemeji chumbani kwake, akawasha feni, akauliza swali ambalo Rula hakulitarajia.

"Kabla hamjanionyesha michoro yenu. Bustani ya umma ni ya nini?"

Rula alisimama kwa sababu alijua kusimama. "Ni uso wa mji, mheshimiwa. Mgeni akifika aone watu wenye utaratibu. Mwananchi naye akiingia pale ajifunze kunyooka."

"Na wewe?"

Shemeji hakusimama. "Kila mahali mjini, mzee, ukitaka kukaa lazima uwe na sababu. Umekaa dukani, nunua. Umekaa hospitali, umwa. Umekaa barazani kwa mtu, utaulizwa umefuata nini. Bustani ni mahali pa kukaa bila kuulizwa."

Mkurugenzi akakuna tumbo. Rula akatandaza mchoro wake, mkubwa, wa rangi, na njia zake zimenyooka kama kawaida, na bwawa katikati, safari hii lenye maji ya kuruka juu zaidi. Shemeji akatandaza wake. Ulikuwa na miti, nyasi, vyoo, bomba la maji ya kunywa na taa. Njia hazikuwamo.

"Njia ziko wapi?" Rula akauliza, na hakuweza kuificha furaha yake.

"Sijaziona bado."

Rula alicheka peke yake. Shemeji akaeleza taratibu. Tupande ukoka uwanja mzima, alisema, tufungue malango yote, tungoje msimu wa mvua upite. Watu watapita wanapopenda kupita, na ukoka utakufa pale miguu inapozidi. Hiyo michirizi ya udongo ndiyo njia zao. Sisi kazi yetu ni kulaza matofali juu yake, kila mchirizi, bila kubagua.

"Kila mchirizi?" Mkurugenzi akauliza.

"Kila mmoja. Nikianza kuchagua, nitakuwa nimerudi kuwachorea mimi."

Mzee akazima feni, maana alikuwa ameshaamua. Msimu ukiisha kamati itakuja kukagua. Njia zikionekana za maana, kazi ni ya Shemeji hadi mwisho. Zikiwa fujo, watarudi kwenye mchoro wa Rula. "Mmeridhika?" Waliridhika wote, mmoja kwa kinywa, mmoja kwa kinywa na moyo.

Wiki za mwanzo Rula alipita pale akitembea kwa madaha ya mtu asiyejali. Aliyoyaona hayakumpendeza. Kutoka kituo cha mabasi kwenda sokoni mchirizi ulikwisha jitokeza, mwembamba kwanza, kisha wenye kipara kabisa. Mwingine ukatoka shule kwenda kituoni. Mwingine ukakata pembe kuelekea zahanati. Watu walikuwa wanachora, na walichora vizuri, jambo lililomuuma zaidi. Nyumbani mama alidai habari za uwanja kila jioni. "Mkwe wangu kafikia wapi?" Hakuuliza kamwe, "Wewe umefikia wapi?"

Wazo lilimjia akinyoa ndevu, akajikata. Shemeji ameahidi kulaza matofali kwenye kila mchirizi bila kubagua. Je, kukitokea mchirizi wa kijinga? Mchirizi unaotoka lango la nyuma, lile la kona ya shule, unazunguka zunguka, unapanda kile kilima cha vifusi vya tanuri, unaishia ukutani, basi? Kamati itauliza unakwenda wapi. Akisema ataujenga, watamcheka. Akisema ataufuta, amekula maneno yake. Rula alifuta damu kidevuni akitabasamu. Ni mtu wa fani tu angeweza kufikiria uovu wa namna hiyo, maana mwingine angeng'oa miche akakamatwa. Kutembea juu ya nyasi hakumkamatishi mtu.

Kesho yake alitoka nyumbani kabla jua halijapanda, akaingia kwa lango la nyuma. Mbele kidogo kilikuwa kibanda cha mlinzi, na Rula hakutaka kuonekana, kwa hiyo alipinda nyuma ya vichaka. Alipovivuka akakuta dimbwi la mvua, na viatu vyake vilikuwa vya ngozi, vya ofisini. Akapinda tena. Akafika kwenye kilima, akakikabili moja kwa moja kama ilivyo desturi yake, umande ukamtelezesha, akakaa kitako chini kwa kishindo. Alijipangusa, akaangalia kama kuna aliyemwona, kisha akakipanda upandeupande, kwenda kushoto, kurudi kulia, akitukana taratibu. Juu kulikuwa na ukuta, na matawi ya mti wa jirani yaliyovuka ukuta yakaning'inia upande huu. Hapakuwa na kingine. Hapakuwa na lango wala duka wala ufa wa kuchungulia. "Safi kabisa," akasema. Akarudi alikotoka, akikanyaga palepale.

Alifanya hivyo kila asubuhi. Mtu ambaye maisha yake yote alikataza watu kukanyaga nyasi, sasa alizikanyaga kwa kisigino, kwa makusudi, akizikandamiza. Ukoka ulianza kulala, ukawa wa njano, ukafa. Rula aliuona udongo unachungulia, akafurahi kuliko siku ya kufungua bustani yake.

Nyumbani napo mambo yakaanza kwenda mrama. Mke si mjinga. Mume anaamka gizagiza, anavaa polepole asimwamshe, anarudi ana unyevu kwenye suruali na uso umechangamka.

"Nani huyo?" mkewe akamuuliza siku moja, amesimama mlangoni na kisu cha kumenyea vitunguu.

"Nani yupi?"

"Huyo wa alfajiri."

"Nafanya mazoezi. Natembea."

"Kwa viatu vya ofisini?"

Rula akainama kuvivua. Ajabu ni kwamba wivu aliokuwa nao yeye aliuona ni haki tupu, lakini huu wa mkewe aliuona ni upungufu wa akili. Jioni ile mke alimwekea kitandani raba mpya. "Haya," akasema, "fanya mazoezi. Nitaangalia soli." Kuanzia hapo Rula alitembea kwa raba, na kusema kweli alitembea vizuri zaidi.

Lakini kuna jambo moja Rula alilisahau, na alisahau jambo ambalo kila mtu wa kazi yake analijua siku ya kwanza. Mtu akiona udongo uliokanyagwa, anakanyaga. Hajiulizi nani alitangulia wala kwa nini. Asubuhi moja Rula aliukuta mchirizi wake umepanuka. Akasimama, akainama. Kulikuwa na nyayo za kandambili. Kulikuwa na nyayo ndogo za mtoto. Kulikuwa na tundu tundu za mkongojo wa mtu.

Jioni, baada ya kazi, akarudi kuona. Akapinda nyuma ya vichaka, akapinda kwenye dimbwi lililokwisha kauka, akapanda upandeupande, na kule juu, chini ya yale matawi, akakuta watu. Mama mmoja muuza mboga amevua viatu, anajikanda vidole vya miguu. Mzee amejifunika uso kwa kofia, anakoroma. Wasichana wawili wa shule wanasomeana kitabu. Kelele za kituo cha mabasi hazikufika, zilikatwa na kile kilima. Upepo ulipita juu ya ukuta ukiwa wa baridi. Uwanja mzima ulionekana chini, na watu wakikimbilia mabasi.

"Mnafanya nini hapa?" Rula akauliza, sauti ikamtoka kali kuliko alivyotaka.

"Tumekaa," muuza mboga akasema.

"Lakini njia hii haiendi popote!"

"Ndiyo maana tumekaa."

Mzee akatoa kofia usoni, akamwangalia Rula kutoka utosini hadi kwenye raba, akairudisha kofia yake.

Rula hakulala vizuri. Kesho yake alichukua stoo kibao kimoja cha zamani cha USIKANYAGE NYASI, akakichomeka mwanzo kabisa wa mchirizi. Jioni hakukiona pale. Alikikuta kule juu ukutani, kimelazwa juu ya mawe mawili, na muuza mboga amekikalia.

Siku ya kamati ilifika. Walikuja wakubwa na miwani yao na chupa zao za maji, Mkurugenzi akitanguliwa na tumbo. Shemeji aliwatembeza. Mchirizi wa sokoni, wakatikisa vichwa kukubali. Mchirizi wa shule, wakatikisa. Wa zahanati, mjumbe mmoja akasema yeye mwenyewe hupita hapo kila Jumatatu. Rula aliwafuata nyuma kama mtu anayesindikiza jeneza la mwingine, akijikaza kisabuni, akingojea lango la nyuma. Tumaini lake lote lilikuwa pale. Wakubwa hawakai chini, alijiambia. Wakubwa wanauliza hesabu.

Walipopinda nyuma ya vichaka mjumbe mmoja akasema, "Ah, hapa patulivu, barabara haionekani." Walipopinda penye dimbwi mwingine akasema, "Tazama wamelizunguka bonde, mvua ikija maji yatakaa pale, njia itabaki kavu." Kwenye kilima Mkurugenzi, ambaye hakuwahi kupanda hata ngazi ya pili ya ofisi yake bila kupumzika, alipanda upandeupande akafika juu anapumua vizuri tu kama kijana. Wakafika ukutani.

"Sasa," akasema mjumbe mwenye miwani minene, "na hii inakwenda wapi?"

Rula alisogea mbele asikie vizuri. Shemeji alichomoa kalamu kichwani, akaichomeka tena.

"Haiendi," akasema. "Zile zingine zote zina haraka. Ukiziangalia vizuri, ni barabara za mkato tu, bila sisi watu wangezipata. Hii peke yake imechorwa na mtu ambaye hakuwa anawahi kitu. Ningepewa ramani na rula mwaka mzima, nisingeichora. Mimi nikiulizwa bustani iko wapi, nitasema iko hapa."

Muuza mboga akasogea kwenye kibao chake, akapangusa kwa kanga nafasi iliyobaki. Mkurugenzi akakaa. Baadaye kidogo akafumba macho. Ilibidi mjumbe mwenye miwani amguse bega, amkumbushe kwamba kuna kikao kingine.

"Kaendeleeni bila mimi," akasema. Na kazi ikawa ya Shemeji.

Matofali yalilazwa. Rula, kwa kuwa ni mtumishi wa manispaa na hana jinsi, ndiye aliyepangiwa kusimamia mafundi upande wa lango la nyuma. Fundi mkuu alitaka kunyoosha kona ya pale vichakani, apunguze matofali. "Acha!" Rula akamkemea, akashangaa kusikia sauti yake. "Fuata palepale." Usiku hakuelewa ni kwa nini. Alikuwa anaionea wivu njia ile, na wakati huohuo hakutaka mtu aiguse.

Magazeti ya pale mjini yakaandika. Walimpiga Shemeji picha amesimama kwenye kilima, kalamu kichwani. *Mwanamke aliyewasikiliza waenda kwa miguu.* Mama alimwagiza mke wa Rula aikate picha ile, akaibandika ukutani sebuleni, juu kidogo ya saa, mahali ambapo mtu hawezi kutazama wakati bila kumtazama Shemeji.

Na hatimaye Jumapili moja wakampeleka mama. Walikuwa Rula na mkewe, mdogo wake, na Shemeji mwenyewe akimshika mama mkono. Mama alikuja na mkongojo wake na malalamiko yake ya magoti, akaanza kuyataja tangu lango la nyuma. Walipopita vichakani akanyamaza. Penye bonde akasema maua yakipandwa pale yatapendeza. Kwenye kilima Rula aliandaa mkono wa kumshika, mama hakuuhitaji. Mama alikwenda kushoto, akapumua, akarudi kulia, akapumua, akafika juu hana hata jasho.

"Aliyepinda hapa," akasema, "alijua kwamba mtu hapandi kwa pupa. Alikuwa na huruma na magoti ya watu."

Rula alikumbuka kitako chake siku ile ya umande, akajipangusa suruali.

Chini ya matawi sasa kulikuwa na benchi la mbao. Mama akakaa. Shemeji akakaa karibu naye. Mama akaweka mkongojo kando, akanyoosha miguu, akautazama uwanja kule chini, watu, mabasi, watoto. Upepo ukampiga usoni. Akavuta pumzi ndefu, akaiachia.

"Hapa pazuri," akasema. Na hakuinuka.

Rula alisimama palepale. Maneno aliyoyangoja miaka yote yalikuwa yametamkwa, mahali pake, juu ya nyayo zake, na mama ameyatamka akimpapasa mkono Shemeji. Hakupanga, hakuamua. Maneno yalimtoka tu.

"Mama, njia hii ni yangu."

Mama akageuka taratibu. "Nini?"

"Mimi ndiye niliyeipita wa kwanza. Hizi kona zote ni za miguu yangu. Kila asubuhi, msimu mzima. Mwulize mke wangu, aliziona raba."

Mkewe akafungua kinywa, akakumbuka soli, akaangalia pembeni, mabega yanamtikisika. Mdogo wake akakohoa. Mama alimtazama mwanawe kwa muda, kisha uso wake ukalainika kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Rula kuliko matusi.

"Mwanangu," akasema, "wewe? Wewe upinde? Wewe uliyepiga kelele nilipoanika nguo kwenye kamba iliyolegea? Acha wivu, baba. Wivu utakuzeesha."

"Mama, naapa."

"Ni kweli, mama," Shemeji akasema.

Wote wakamgeukia. Alisema kwa utulivu, hana hila hata chembe. "Asubuhi moja nilikuja mapema kupima, nikamwona huyu shemeji yangu anatembea huku peke yake. Alikuwa anaongea taratibu, sikutaka kumsumbua. Nikasema moyoni, kumbe hata yeye, na kunyooka kwake kote, ana mahali pake pa kuja kutuliza roho. Nikarudi nyumbani. Njia hii ni yake. Nimekuwa nikingoja aseme mwenyewe."

Rula akamtazama. Hakuwa na uso wa kejeli. Aliamini alichokisema. Msimu mzima Shemeji alimwona mtu mwema aliyekuja kutuliza roho, kumbe ni mtu aliyekuja kumchimbia shimo. Rula alijaribu kumchukia kidogo, walau kwa mazoea, na mara hii chuki haikupata pa kukanyaga. Wivu ndio uliobaki, mzima na mkubwa, maana sasa alimwonea wivu hata ule moyo.

"Mnamsikia?" Mama akasema, na machozi yakamlengalenga. Akamkumbatia Shemeji, akambusu juu ya zile kalamu. "Mnamsikia mwanangu huyu? Kazi kafanya yeye, jasho katoa yeye, gazeti limemwandika yeye, lakini kaka mtu kaona haya kidogo tu, yeye kamkatia sifa zake kampa. Wewe!" Akamnyooshea Rula kidole. "Keti hapa. Keti ujifunze utu."

"Mama, lakini—"

"Keti."

Rula akatafuta pa kukaa. Mama alikuwa mwisho wa benchi, chini ya tawi kubwa, na Shemeji amekaa katikati. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya ukingoni, juani.